PLE inakaribia: maswali ambayo wazazi wananiuliza kila mwaka, na majibu yake

Wazazi wenzangu, ikifika term ya tatu simu yangu hailali. Nimefundisha P7 (darasa la mwisho la praimari) hapa Arua miaka mingi na mimi mwenyewe ni mzazi, na wengi wanaonipigia ni watu wa Kiswahili kama mimi, wa huku Arua na Koboko, wa Bombo, wa Kasese, familia za baraki, na ndugu zetu Wakongo walioko kambi za wakimbizi za Nakivale na Kyangwali ambao watoto wao sasa wanasoma kwa mfumo wa Uganda. Maswali yanafanana sana, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja ili hata usiku ukikwama uje usome. Na nasema mapema kabisa lile ambalo mtaliona linarudi rudi huku chini: watoto wengi wanaoanguka PLE kitu wanakijua, ila swali hawakulielewa, na hapo ndipo mzazi ana kazi kubwa, hata mzazi ambaye hajaingia darasani maisha yake yote.

Hii PLE yenyewe ikoje? Mimi nasikia tu agregeti, agregeti.

PLE ni mtihani wa kumaliza praimari, unatungwa na kusahihishwa na UNEB, bodi ya mitihani ya taifa, na nchi nzima wanafanya mtihani mmoja siku zile zile, watoto kama laki nane hivi siku hizi. Masomo ni manne: Hesabu, Kiingereza, Sayansi na SST (masomo ya jamii) ambayo ndani yake kuna maswali ya dini. Kila somo mtoto anapewa namba kuanzia 1 hadi 9, 1 ndiyo bora (hiyo ndiyo D1 mnayosikia), 9 ni kuanguka. Ukijumlisha hizo namba nne unapata agregeti, kwa hiyo bora kabisa ni 4 na mbaya kabisa ni 36. Divisheni ya kwanza inaishia agregeti 12, ya pili inaanza 13 hadi 23, afu inashuka hivyo mpaka U, yule ambaye hakupata divisheni yoyote.

Kwa hiyo mtu akikuambia mtoto wake amepata 28 usimpe hongera haraka, ni agregeti au ni maki? Wazazi wengine wanachanganya hapo mpaka wanawapiga watoto waliofanya vizuri.

Mwalimu, mimi sikusoma, Kiingereza sikijui, nitamsaidia vipi huyu mtoto?

Hili ndilo swali naulizwa zaidi ya yote na mara nyingi mama anauliza kwa aibu, sauti chini, kama vile anaomba msamaha. Mama, hakuna cha aibu. Kazi ya kufundisha hesabu na sayansi ni yetu sisi maticha. Kazi yako ni nyingine na sisi hatuwezi kukufanyia.

Fanya hivi. Jioni mtoto akae na karatasi yake ya maswali, wewe endelea na kazi yako, unachambua maharage au unakunja nguo, haijalishi. Mwambie asome swali moja kwa sauti kwa Kiingereza, halafu kabla hajaandika chochote akueleze kwa Kiswahili, au Kilugbara, au Kinubi, lugha yoyote ya hapo nyumbani: swali linataka nini? Hapo hapo utajua. Mtoto aliyeelewa atakuambia haraka, "mama wanataka sababu mbili kwa nini watu wanahama vijijini". Ambaye hajaelewa ataanza kuzungukazunguka, atasoma tena, atasema "wanauliza juu ya vijiji". Hapo mwambie rudi, soma tena, neno gani hulijui? Aliandike kwenye daftari dogo, kesho amuulize ticha. Ndiyo hivyo tu. Hukuhitaji kujua jibu.

Nitawapa mfano ninaouona kila mwaka. Swali linauliza mbu anamwambukizaje mtu malaria. Mtoto anaandika: mbu ni mdudu, ana miguu sita, anazaliana kwenye maji yaliyotuama. Yote ni kweli kabisa! Na maki ni sifuri, kwa sababu hakuna mtu aliyemuuliza mbu ana miguu mingapi. Huyo mtoto amesoma, amekesha, ameona neno "mosquito" akamwaga yote anayoyajua. Angekuwa na mtu nyumbani wa kumuuliza kila jioni "swali linataka nini" angezoea kusimama kidogo kwanza.

Na elewa hii inatoka wapi. P1 mpaka P3 shule nyingi za serikali, hasa vijijini, zinafundisha kwa lugha ya pale mahali, P4 ndipo wanaanza kugeukia Kiingereza, na P7 mtihani wote ni Kiingereza hata ule wa Sayansi. Kwa mtoto ambaye nyumbani ni Kiswahili, shuleni kwa wadogo ilikuwa Kilugbara au Lukonzo au Luganda, na sasa Kiingereza, hiyo ni lugha ya tatu. Na mtoto aliyekuja kutoka Kongo akiwa ameanza na Kifaransa ndiyo zaidi. Msimwite mjinga.

Tuanze lini kujiandaa? P7 term ya tatu si inatosha?

Haitoshi. Maswali hayatoki P7 peke yake, mambo ya P4, P5 na P6 yote yanaulizwa. SST ya P5 ni Uganda, P6 ni Afrika Mashariki, P7 ni Afrika, na mtihani unapita kote humo. Kwa hiyo yale madaftari ya P5 na P6 mnayofungia mandazi, jamani, yawekeni. Tafuta kiboksi, weka juu ya kabati.

Lakini kama umeshachelewa na sasa ni Septemba usikate tamaa wala usimwamshe mtoto saa tisa usiku. Chukua somo moja analoliogopa na moja analolipenda, yale mawili mengine yaache yaende na shule. Saa moja au saa moja na nusu kila jioni, kila siku, inazidi Jumamosi moja ya kutwa nzima ambayo mtoto anasinzia nusu yake.

Pasti pepa ni lazima? Na nipate wapi bila kutumia hela nyingi?

Zinasaidia sana, lakini sio kwa namna watu wengi wanavyozitumia. Mtoto anapewa kitabu kizima cha pasti pepa chenye majibu nyuma, anasoma swali, anageuza nyuma anaona jibu, anasema "nilijua". Hakujua. Kata kurasa za majibu, zifiche kwako.

Afu mpe pepa moja wikendi, nzima, kwa muda wa kweli. Hesabu ni saa mbili na nusu, haya mengine matatu ni saa mbili na dakika 15. Hakuna kuinuka kuchota maji, hakuna simu, mdogo wake asimsumbue. Weka simu yako ilie muda ukiisha. Mara ya kwanza hatamaliza, kawaida. Baada ya wiki chache ataanza kujua mwenyewe kwamba swali likimshinda aliruke, aende mbele, arudi baadaye.

Kuhusu hela: pepa za zamani ziko mtaani kwenye vibanda vya fotokopi, magazeti kama New Vision huwa na kurasa za mazoezi ya P7, na shule nyingi zina moki (mitihani ya majaribio) za miaka iliyopita zimelala stoo. Nenda kwa adabu umuombe ticha wa P7 uende kufotokopi. Wazazi watano wakichanga kopi moja inazunguka nyumba zote tano.

Hesabu ndiyo inamuua mtoto wangu. Nifanye nini?

Pepa ya Hesabu ina sehemu mbili, ya kwanza maswali 20 ya maki mbili mbili, ya pili maswali 12 marefu ambayo jumla ni maki 60. Kakuleta, yaani kikokotoo, hakaruhusiwi. Jambo la kwanza mwambie mtoto wako, na umwambie tena kesho: aonyeshe njia. Njia ina maki.

Tuseme swali ni hili: mtu amenunua mbuzi kwa shilingi 150,000 akamuuza 180,000, tafuta faida kwa asilimia. Mtoto anatoa, anapata 30,000. Anagawa kwa 150,000, anazidisha kwa 100, anapata 20. Sasa mtoto mwingine amefanya vizuri kutoa, akapata 30,000, lakini akakosea akagawa kwa 180,000. Jibu la mwisho limeharibika, ila ile hatua ya kwanza imeonekana kwenye karatasi na anaweza kuokota maki hapo. Wa tatu amefanya yote kichwani au kwenye kiganja akaandika namba moja tu na imekosea, huyo msahihishaji atampa nini? Hana pa kuweka alama. Watoto wenye akili ya haraka ndio wanaoponzwa na hili, wanaona aibu kuandika hatua "rahisi".

Na huyo mbuzi wa kwenye swali yuko sokoni kwenu. Kama una kibanda, muite mtoto Jumamosi jioni akufungie hesabu: gunia la mkaa umenunua ngapi, umeuza kwa vikopo vingapi, faida iko wapi, ni asilimia ngapi. Mzazi anayeuza samaki pale soko la Arua ana darasa zima la faida, hasara na uwiano mbele yake na hajui.

Kuna na shida ya saa. Sisi tunasema saa tatu asubuhi, mtihani unasema 9:00 a.m., na mtoto anayefikiria kwa saa zetu anaandika 3. Basi limetoka Arua saa moja na nusu asubuhi limefika Kampala saa tisa mchana, limechukua muda gani? Ni saa saba na nusu, kwa saa yoyote ile. Lakini kuandika kwa mtindo wao, 7:30 a.m. na 3:00 p.m., na kwa mtindo wa saa 24, 0730 na 1500, hilo linahitaji mazoezi, na mnaweza kulifanya kila siku bila kalamu: "sasa hivi ni saa ngapi? Na kwa saa ya shule? Na kwa saa ya 24?"

Na mkebe wa jometri mnunulie mapema, uwe na kompasi isiyolegea. Kuna maswali ya kuchora pembetatu kwa rula na kompasi, mtoto akiwa na kompasi ambayo penseli inachezacheza mchoro unapinda na maki zinaenda. Mnunulie, aizoee mkononi, asiishike mara ya kwanza siku ya mtihani.

Na Kiingereza?

Sehemu ya kwanza ni maswali mafupi 50, maki moja moja. Sehemu ya pili ni matano tu lakini nayo maki 50, humo ndimo kuna kusoma habari na kujibu, kuandika barua au insha, kupanga sentensi. Watoto wetu wanafanya mazoezi mengi ya sehemu ya kwanza kwa sababu ni rahisi kwa ticha kusahihisha, na sehemu ya pili wanaiogopa.

Dawa ni kusoma. Kitu chochote, kila siku, kurasa mbili: kitabu cha hadithi cha shule, gazeti la juzi lililofungia sukari, tangazo la kliniki, Biblia au kitabu cha dini kwa Kiingereza. Akimaliza akusimulie kwa Kiswahili. Kama hadithi imekaa vizuri mdomoni mwake kwa Kiswahili, ameielewa. Na mara moja kwa wiki aandike barua ya kweli kwa Kiingereza, kwa shangazi yake Kampala au kwa hedimasta kuomba ruhusa, aiandike yake mwenyewe. Shida moja UNEB wamekuwa wakiisema wanapotoa matokeo ni kwamba watoto wanakwama pale swali linapotaka mawazo yao wenyewe au kutumia walichojifunza mahali papya. Insha iliyokaririwa haitasaidia kichwa cha habari kikibadilika.

Sayansi na SST ni kukariri tu, si ndiyo?

Hapana, na hapa mzazi asiyesoma ana utajiri mkubwa. Toa ile kadi ya chanjo ya mtoto mdogo, mpe wa P7 aisome: BCG (chanjo ya kifua kikuu) wanampa lini, kovu lake liko mkono gani, surua inaanza miezi mingapi. Hayo yanaulizwa. Kuku wakiugua mwambie aeleze kwa nini. Mtoto mdogo akiharisha yeye ndiye atengeneze maji ya sukari na chumvi, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, akishatengeneza kwa mkono wake hatasahau.

SST vilevile. Safari ya kwenda Kampala mmevuka daraja la Pakwach, je umemuuliza huo mto unatoka wapi? Naili inatoka Ziwa Victoria pale Jinja, inapita Kyoga, inaingia Ziwa Albert, inatoka inapita Pakwach, inaenda Sudan Kusini kupitia Nimule. Mkikaa kwenye basi mnapita juu yake, mueleze, au yeye akueleze wewe. Maswali ya dini yamepangwa kwa Ukristo au Uislamu, mtoto anachagua dini moja anajibu, asijibu zote mbili kwa kudhani ataongeza maki.

Kiswahili kiko kwenye PLE?

Hakimo. Serikali ilipitisha mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima praimari na sekondari, ila PLE imebaki na yale masomo manne. Mtoto aendelee nacho tu, sekondari kitamsaidia.

Kuna ticha anataka tulipe kochingi likizo. Tulipe?

Wizara ya Elimu imekataza masomo ya likizo mara nyingi, na kila mwaka bado yapo kichinichini. Maoni yangu mimi: mtoto wa P7 aliyesoma term nzima kuanzia alfajiri anahitaji kulala kwanza. Wiki ya kwanza ya likizo mwacheni. Baada ya hapo watoto watatu wanne wa mtaa mmoja wakikaa kwenye baraza la mmoja wao, wakaulizana maswali, yule anayejua anamfundisha asiyejua, hiyo nimeiona ikifanya kazi vizuri kuliko darasa la watoto themanini la kulipia ambalo ticha anaandika ubaoni na wao wanakopi.

Binti yangu anafanya kazi nyingi nyumbani, atapata wapi muda?

Naomba hapa niseme bila kuficha. Naona madaftari. Ya mvulana yamejaa, ya dada yake pacha yana kurasa tupu, manake yeye jioni alikuwa kisimani, akapika, akaosha vyombo, akamlaza mdogo, na akikaa chini ni saa nne usiku na tadooba inaishiwa mafuta. Afu matokeo yakitoka tunasema "huyu hana kichwa cha shule". Mgawanye kazi. Kaka aoshe vyombo, hatakufa. Baba achote maji miezi hii miwili. Kama kuna taa ya sola nyumbani, saa mbili mpaka saa tatu na nusu iwe ya mtoto wa P7, wengine wakae gizani kidogo waongee. Msichana apewe saa zake kabla hajachoka, jua likiwa bado liko.

Akifanya vibaya moki nimchape?

Usimchape. Shuleni sheria imeshakataza viboko, iko kwenye marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016, na nyumbani pia viboko havijawahi kumfundisha mtu kugawanya desimali. Moki imewekwa ili kuonyesha matundu. Kaeni na ile karatasi muweke makosa kwenye mafungu: haya sikujua kabisa, haya nilijua nikakosea kwa haraka, haya sikuelewa swali. Utashangaa lile fungu la mwisho lilivyo kubwa. Halafu mengine yana dawa ya wiki moja, mengine ya mwezi, na mtoto mwenyewe anaanza kuona kwamba haijaharibika yote.

Na moki nyingine za kununua zinatungwa ngumu makusudi. Agregeti 19 ya moki si lazima iwe 19 ya UNEB.

Kuna mtu kwenye grupu la WhatsApp anauza mtihani. Ni wa kweli?

Toka kwenye hilo grupu leo. Wengi wanauza pepa za uongo, hela inaliwa na mtoto anaenda amekariri maswali ambayo hayapo, anachanganyikiwa kwenye chumba cha mtihani. Na ukiwa wa kweli ndiyo mbaya zaidi: UNEB wanazuia matokeo ya kituo kizima wakiona majibu yanafanana, watoto wasio na kosa wanaumia, na sheria ya UNEB ya 2021 ina kifungo na faini kubwa sana kwa watu wa kazi hiyo. Ticha akikuomba uchange hela ya "kuwasaidia watoto ndani", kataa, na waambie wazazi wenzio wakatae.

Mtoto wangu haoni vizuri, au hasikii. Atafanyaje?

UNEB wana utaratibu: pepa za Braille, pepa za maandishi makubwa, wakalimani wa lugha ya ishara, mtu wa kumwandikia asiyeweza kuandika, na dakika 45 za ziada. Lakini hayo yanapangwa wakati wa kujiandikisha mwanzoni mwa mwaka, hayapangwi asubuhi ya mtihani. Nenda kwa hedimasta mapema, na ukiona mtoto anasogeza daftari mpaka puani usisubiri P7, mpeleke akapimwe macho. Kuna watoto wameitwa wavivu miaka yote kumbe ubao hawauoni.

Binti amepata mimba, wamesema asije.

Ana haki ya kufanya mtihani. Kila mwaka wapo wasichana wajawazito na wanaonyonyesha wanaofanya PLE. Shule ikigoma nenda ofisi ya elimu ya wilaya.

Kwenye kujiandikisha niangalie nini?

Jina. Herufi kwa herufi. Watoto wetu majina yanaandikwa kwa masikio, Aisha anakuwa Aisa, Juma anakuwa Jumah, na kusahihisha baadaye ni safari na hela. Omba uione orodha kabla shule haijaituma. Angalia tarehe ya kuzaliwa na jinsia pia. Na pale pa kuchagua sekondari keti na mtoto mchague pamoja, msiweke shule zote za kuchukua agregeti 4 mpaka 6 wakati mtoto wenu anapata 15, wekeni na moja ya karibu ambayo mnaweza kuilipia.

Ada: shule za UPE (praimari za bure za serikali) serikali inawalipia watoto. Shule binafsi mzazi analipa, mwaka 2024 ilikuwa shilingi 34,000 kwenda UNEB. Shule ikidai zaidi waulize kwa upole hizo nyingine ni za nini, na udai risiti.

Siku ya mtihani yenyewe tufanye nini?

Kawaida ni siku mbili, mwanzoni mwa Novemba, na kabla yake kuna siku moja ya watoto kuelezwa masharti, hiyo asikose. Siku ya kwanza huwa Hesabu asubuhi na SST mchana, ya pili Sayansi asubuhi na Kiingereza mchana.

Usiku ule alale mapema, madaftari funga. Weka tayari kalamu mbili za bluu au nyeusi zinazoandika (zijaribu!), penseli, rula, raba, mkebe. Penseli ni ya michoro tu, majibu kwa kalamu. Asubuhi ale chakula alichozoea, uji na mihogo au katogo, siku ile si ya kumjaribishia nyama ya kukaanga. Na mchana je? Hapa wazazi tunasahau, mtoto anafanya pepa mbili, kati yake kuna saa nyingi, kama shule haipiki posho (ugali) mfungie kitu na maji. Mtoto mwenye njaa anasoma swali mara nne haingii.

Kwenye pepa aandike kwanza jina, namba yake, shule na wilaya, kama karatasi ya juu inavyotaka. Aandike kwa kusomeka. Kukata kata na kufuta futa ovyo kunaweza kumpunguzia maki, imeandikwa pale pale juu. Wakiomba sababu mbili aandike mbili.

Akitoka pepa ya asubuhi usimuulize "namba 14 umeandika nini". Imeisha hiyo. Mpe chakula.

Matokeo yanatoka lini, na nayaonaje?

Huwa Januari. Andika kwenye simu neno PLE, acha nafasi, namba ya indeksi ya mtoto (namba yake ya mtihani), tuma kwenda 6600, MTN au Airtel. Kwa hiyo ile namba ya indeksi iandike mahali sasa hivi, nyuma ya kadi ya kliniki au ndani ya mlango wa kabati, watu wanaitafuta Januari shule zimefungwa na hedimasta yuko kijijini. Matokeo kamili unachukua shuleni.

Akipata U, au divisheni ambayo haimpeleki mlipotaka, kuna kurudia P7 na kuna shule za ufundi zinazopokea waliomaliza P7. Kabla ya kuamua kaa naye umuulize yeye anataka nini, na uende kwa ticha wake na ile slipu muangalie ni somo gani lililovuta chini. Mara nyingi ni moja tu.

Kama swali lako halipo hapa nenda kamuone ticha wa P7 wa shule ya mtoto wako, nenda wiki hii, usingoje siku ya mkutano wa wazazi ambayo mnakuwa mia tatu na kila mtu ana dakika moja.